Chini ya Jagi la Maua

Yuro thelathini na moja. Mama alizihesabu mara mbili
kana kwamba zingezaana zikipapaswa.
Wageni wanane, wawili kati yao wakwe watarajiwa wa dada Graciete,
watu wa Foz, mtaa ambako hata mbwa huvaa makoti.
Tutajikuna tunapojipatia, alisema,
akafunga kibeti, akafungua kabati.

Samaki wa chumvi alikuwa wa mkia, kwa kuwa mkia ni rahisi.
Siku tatu alilala kwenye ndoo ya kufulia
na kazi yangu ilikuwa kumbadilishia maji
asubuhi na jioni, na kutomwonyesha mtu ile ndoo.

Mkate wa juzi tulipewa na Bwana Serafim
kwa bei ya kumsalimia.
Mama aliulainisha kwa mafuta, vitunguu saumu, giligilani,
hadi ngazi nzima ya ghorofa zetu ikanukia hoteli.
"Usithubutu kuuita mkate mkavu," alinionya.
"Unaitwa asorda."

Viti vinne vyetu. Viwili vya Bi Zulmira wa juu.
Kimoja cha kinyozi, bado kina nywele.
Na kigoda cha piano, ingawa piano
iliuzwa mwaka baba alipougua.
Graciete alivipanga kwa akili:
warefu kwenye viti vifupi, ili vichwa vilingane.

Mvinyo wa boksi ulihamia kwenye chupa ya kioo.
Boksi likapondwa, likalala chini ya kitanda changu.
Mishumaa ilikuwa vipande, kanisani walitupa bure,
masalia ya maombi ya watu wengine.

Na kitambaa cha meza,
kile kilichoshuka hadi sakafuni, cheupe, kigumu kwa wanga,
kilikuwa shuka.
Shuka ya hoteli alikosafisha mama miaka kumi na minne,
iliyotupwa kwa sababu mgeni mmoja alisinzia na sigara.
Tundu lilikuwa katikati kabisa.
Mama alilishona usiku mbili, uzi juu ya uzi,
kisha, kwa kuwa hakuuamini hata mkono wake,
akaweka jagi la maua juu yake,
maua ya kando ya reli, niliyoyachuma mimi.
Funika kombe.

Walikuja. Walikaa. Vichwa vililingana.
Bwana Evaristo alijipakulia mara tatu,
akauliza ni mpishi gani tuliyemkodi.
Mama alicheka kama mtu aliyeulizwa swali la kawaida,
akaenda jikoni kukata machungwa
na kuyanyunyizia mdalasini wa mwisho.

Hapo ndipo Bi Hermínia, mwenye lulu masikioni,
ambaye tangu supu hakuwa amesema neno,
aliniinamia kutoka upande wa pili.
"Maua yananizuia kukuona, mtoto."
Na kabla sijapata la kusema
akalisogeza jagi.

Nilitazama sahani yangu.
Kisu cha mama kilisikika kwenye ubao, ta, ta, ta.
Kidole cha Bi Hermínia kikashuka mezani,
kikaufuata mshono, taratibu, mzunguko mzima,
kama mtu anayesoma barua ya ndugu.
"Uzi mmoja," alinong'ona. "Hakukata hata mara moja.
Mama yangu alikuwa akikata."

Akalirudisha jagi pale pale,
hata duara la maji likakaa juu ya duara lake.
Kisha akainuka, akakibeba kiti cha kinyozi mwenyewe,
akakizungusha meza, akakaa karibu nami,
na mama alipotoka na machungwa
alitukuta tukibishana kuhusu mbwa.

Saa saba za usiku, mikono ndani ya povu,
mama alikuwa anang'aa kuliko glasi.
"Hawakuona," alisema.
Nilikuwa nafuta sahani. Niliifuta tena.
"Hawakuona," nikajibu.